Kilemba cha Meja Modest

Ng'ambo, Tabora
11 Januari 1977

Kwa mpwa wangu Abbasi,

Nyumba nzima inakusalimu, wakubwa kwa wadogo, na mkaza mjomba wako Mwamvita anasema usipokuja na sabuni safari hii bora usije. Sisi hatujambo. Mvua zimenyesha vizuri na mahindi ya uani yamenipita kimo. Mama yako hajambo mwili, habari za moyo wake nitakueleza chini. Karakana ina kazi, maana ni Januari na shule zinafunguliwa, kila mzazi anataka sanduku la bati la mtoto wa bweni, na kila mzazi analitaka leo. Bati lenyewe ni la kubembeleza. Nimelehemu masanduku thelathini na mawili kwa wiki mbili, usiniulize mgongo.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nimehesabu, na kama sijakosea, tarehe thelathini mwezi wa sita unatimiza ile miaka saba uliyopatana na jeshi uliporudi kutoka Uchina. Wenzako wamekwisha kutoka. Shaban yule wa Igalula nilimwona stesheni mwezi uliopita amevaa shati jeupe la ndege za abiria. Anakwenda na kurudi, usiku analala kwake, na watu wanamsalimia kwa jina la baba yake. Akaniambia marubani wanatafutwa kila mahali, wenye saa nyingi angani kama zako ndio kabisa.

Mama yako anakutaka utoke. Usiku hapati usingizi, Abbasi. Ndege ikipita juu ya mji huacha anachofanya, hata kama ni chungu kiko motoni. Ni mtu mzima sasa, na mwana ni wewe peke yako. Nimemwahidi kwamba nitakuandikia, na nimekuandikia.

Tunangoja jibu la mtu aliyekwenda shule.

Mimi mjomba wako,
Mabruki

*

Kambini
6 Februari 1977

Mjomba,

Shikamoo. Nimeipata barua yako ikiwa na alama ya mafuta ya taa kwenye kona, nikajua imeandikwa karakanani. Huku niliko kuna joto na mbu lakini chakula kinatosha. Mwambie mkaza mjomba kwamba sabuni tatu nimekwisha kuziweka kando. Mama msalimie sana, mwambie ndege zinazopita Tabora si zangu. Mimi narukia upande mwingine kabisa, kwa hiyo asisumbuke kuacha chungu.

Kuhusu mkataba, hesabu yako ni sahihi. Lakini mambo ya jeshi hayaendi kama tunavyopenda. Marubani ni wachache, wakubwa wanataka tuliobaki tuendelee, na sidhani kama wataniachia. Ni suala la wakubwa, Mjomba, mimi sina kauli. Likiamuliwa nitakujulisha.

Silasi, yule kijana wa karakana yako, yuko wapi siku hizi? Bado anafanya bati? Nilimkumbuka juzi nilipoona mtu anaziba tangi kwa risasi ya kulehemu, akiziba vibaya.

Mpwa wako mtiifu,
Abbasi

*

Ng'ambo, Tabora
18 Aprili 1977

Kwa mpwa wangu Abbasi,

Alhamdulillahi, salamu zako zimefika na zimegawiwa. Tulisoma Maulidi vizuri mwezi uliopita, watu walijaa mpaka barabarani. Jirani yetu Tatu amejifungua mapacha. Mbuzi wa Mzee Lukumani amekula daftari la ushuru la balozi wa nyumba kumi, na kesi bado haijaisha, kwa sababu kila shahidi akianza kueleza anacheka.

Sasa sikiliza mambo makubwa. Jumamosi ya tarehe tisa Landrova ya jeshi ilisimama mbele ya karakana yangu. Akashuka bwana mmoja mrefu, mpole, amevaa sare iliyonyooshwa vizuri, akajitambulisha kuwa ni Meja Modest, mtu wa Bukoba, mkubwa wako. Akasema anazungukia jamaa za marubani ambao mikataba yao inakwisha, ili waongee kifamilia. Mimi nilisimama nikampa kiti, lakini ndani ya moyo nilifurahi mpaka nikaogopa atauona uso wangu. Nikasema kumbe jeshi lina adabu. Kumbe wanajua kwamba fundi akimaliza kumfunza mtoto wa watu, hamwachii barabarani kama kuku, anakwenda kwa wazee wake.

Nikamwomba arudi kesho yake baada ya adhuhuri, akakubali. Usiku ule Mwamvita na mama yako walichambua mchele, mimi nikaenda dukani kwa Abdallah nikachukua melimeli nyeupe ya kilemba, yadi tano, ile nzuri. Nikaweka na kofia ya mkono aliyoidarizi mama yako, ambayo ilikuwa iwe ya kwako siku ya harusi, ila kwa kuwa harusi hutaki, nikaona isioze sandukuni.

Meja akaja. Walikuwapo Mzee Lukumani, imamu, mafundi cherehani wawili na fundi baiskeli. Alikula vizuri. Akakusifu sana, akasema wewe ni miongoni mwa walio bora na kwamba jeshi halisahau familia zinazotoa vijana kama wewe. Tukamsikiliza. Alipomaliza nikasimama nikasema kwamba sisi watu wa hapa tunajua kushukuru, mtoto tulikupa hajui, umetupa anajua, na hiki ni kilemba chako. Nikamkabidhi mbele ya watu. Akakipokea kwa mikono miwili, akainama. Imamu akasoma fatiha, na yeye Mkristo wa watu akafumba macho nasi.

Basi mwanangu, fundi wako amepokea kilemba, umetoka. Nilimtangazia kila mtu jioni ile. Shaban nimemtumia habari ili aseme neno kule kwenye ndege za abiria.

Mama yako amefurahi mno.

Mjomba wako,
Mabruki

*

Kambini
15 Mei 1977

Mjomba,

Shikamoo. Poleni na kazi. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa safarini, halafu niliporudi nilikuwa nasoma barua yako tena na tena. Mwambie Tatu hongera. Mwambie Mzee Lukumani amuuze yule mbuzi.

Meja Modest amerudi. Aliniita ofisini na mkuu wa kikosi akiwapo. Ile melimeli alikuwa ameikunja vizuri juu ya meza. Alimwambia mkuu wetu kwamba katika jamaa zote alizozitembelea, hakuna waliompokea kama wangu. Alisema walimlisha, wakamshukuru, wakampa zawadi ya heshima, wakamwombea dua. Alisema, maneno yake hasa, kwamba familia ya Kapteni Abbasi imemtoa kwa jeshi kwa moyo mkunjufu na imebariki aendelee. Mkuu akaridhika. Jina langu limeandikwa katika orodha ya wanaoongeza miaka mitano.

Kwao Bukoba wana taratibu zao na sidhani kama zina kilemba cha fundi. Alidhani ni zawadi.

Nilitaka ujue hivyo. Mengine tuyaache kwanza.

Umeniandikia habari za mapacha, za mbuzi na za fundi baiskeli. Silasi sijamwona katika barua yako, na katika karamu yako pia sijamwona.

Wako,
Abbasi

*

Ng'ambo, Tabora
29 Mei 1977

Abbasi,

Salamu nafupisha. Sisi wazima, mama yako anakwenda kisomo cha watu wazima kila jioni na kitabu kwapani na hataki tena nimsomee hata karatasi ya dawa.

Nimekasirika, na sikufichi. Huyo Meja alidhani nini? Kwamba sisi wa Ng'ambo tunampa kila mgeni yadi tano za melimeli kwa kuwa ana gari? Sheria ya kilemba haina mlango wa nyuma. Mwanagenzi akiiva, wazee wake wanampelekea fundi kilemba. Fundi akikipokea mbele ya watu, mwanagenzi ametoka, anafungua karakana yake hata kama ni mlango wa pili, na fundi hana neno. Fundi akiona kijana bado, anakirudisha hapo hapo, anasema bado. Hakuna kukipokea halafu ukamshika mtu. Nina miaka arobaini katika kazi hii na sijapata kuona kilemba kilichopokelewa halafu mwanagenzi akaambiwa rudi kwenye nyundo.

Hata babu yetu aliyepagaa mizigo ya misafara kutoka hapa, alikuwa akipatana safari yake. Anabeba mpaka Bagamoyo, anatua, basi. Hakuna nyampara aliyemwambia akifika Bagamoyo aendelee na mzigo mpaka Unguja. Mara nne alikwenda na mara nne alitua.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda kwa Meja, mweleze kilemba ni nini. Anaonekana mtu muungwana, ataelewa. Akielewa, ama anarudisha nguo yetu na kusema hujaiva, jambo ambalo mbele ya mashahidi atasutwa, ama anakuachia. Ni neno la nusu saa. Tarehe thelathini Juni haiko mbali.

Mama yako analia.

Silasi yupo.

Mabruki

*

Ng'ambo, Tabora
10 Julai 1977

Kwa Abbasi,

Tunakusalimu. Mvua hakuna, vumbi lipo, mji uko pale pale.

Tarehe thelathini imepita, na barua yako sijaiona. Nilikwenda posta mara tatu mpaka karani akaniambia Mzee Mabruki barua ikija nitakuletea mwenyewe kwa baiskeli. Watu wananiuliza mpwa wako atafika lini, nasema bado anakabidhi vitu vya serikali. Huo ni uongo nilioutunga mimi na sasa naulisha kila siku.

Kama umemwambia Meja na amekataa, niambie. Kama hujamwambia, niambie pia. Kama unaumwa, mwambie mtu aniandikie.

Mabruki

*

Kambini
14 Agosti 1977

Mjomba wangu,

Shikamoo sana, na ya mama, na ya mkaza mjomba. Kesho kutwa ni Ramadhani inshallah, nami sitaki kuianza nikiwa na jambo hili kifuani. Mimi siumwi. Barua yako ya Julai nilitembea nayo mfukoni siku kumi na mbili, nikiivua kila nilipopanda ndege na kuirudisha nilipotua. Leo nakaa nikuandikie, na nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Nilimwambia Meja Modest. Sikumwambia Mei uliponiagiza, nilimwambia tarehe kumi na nane Julai. Nilimweleza kilemba ni nini kama ulivyonieleza wewe, tangu mwanagenzi kuiva mpaka fatiha. Alinisikiliza, halafu akaiangalia ile kofia ya mama, ambayo ameiweka kabatini mwake kwenye kioo. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

Akaniambia, "Kapteni, nilipokea kwa mikono miwili. Mtu aliyepokea kwa mikono miwili hawezi kusema hakuelewa."

Akaondoka na kofia ile akaenda kwa mkuu wa kikosi. Kesho yake jina langu lilikuwa limefutwa kwenye orodha. Nikaitwa, nikaambiwa niko huru, nikitaka kutoka karatasi zangu zitakuwa tayari kwa wiki moja, na jeshi linanishukuru. Kwa hiyo kilemba chako kilifanya kazi, Mjomba. Sheria yako ilishika hata huku kwenye waya wa miba.

Nilikuwa huru siku nne. Siku ya tano nilirudi kwa mkuu mwenyewe kwa miguu yangu nikatia saini miaka mitano.

Sasa nikuambie nilichokuficha. Februari nilikuandikia kwamba wakubwa hawataniachia na kwamba sina kauli. Haikuwa kweli. Tangu Desemba tuligawiwa karatasi, ina nafasi mbili, kuendelea na kutoka, kila rubani ajaze mwenyewe. Yangu niliiacha tupu kwenye mtoto wa meza. Meja alizungukia nyumba za wale ambao hawakujaza. Ndiyo maana alikuja kwako. Kama ningeijaza, asingekula pilau yako. Na aliporudi akasema mmebariki nibaki, mimi nilijua kabisa kwamba amekosea, nikakaa kimya mbele ya mkuu, kwa sababu kosa lile lilinifaa. Lingekuwa kosa la Meja, si kauli yangu. Hata ulipoandika kwa hasira nikasema ngoja Juni ipite yenyewe.

Jeshi halikunizuia, Mjomba. Mimi mwenyewe ndiye sitaki kutoka.

Tulirudi sita kutoka Uchina. Shaban na watatu wengine wamekwenda kwenye ndege za abiria na siwalaumu, wana watoto. Tumebaki wawili. Vijana wanaofundishwa ni kumi na mmoja, na kijana huchukua mwaka na nusu kabla hujaweza kumwacha peke yake kule juu. Yuko mmoja wa Igunga, Masolwa, mtoto wa wafugaji. Anaruka vizuri kuliko mimi nilivyokuwa, lakini akikaribia ardhi anashika usukani kama anashika pembe za ng'ombe. Nimekuwa naye miezi saba. Wiki iliyopita alitua mara tatu bila mimi kugusa kitu, na alipozima injini alikuwa anatabasamu mwenyewe, nami nilikuwa na furaha ambayo sikumbuki kama nimewahi kuwa nayo. Nikiondoka sasa, wale watangoja mwalimu mpaka apatikane, na mikono inasahau upesi. Hayo wewe unayajua kuliko mimi.

Lakini nisijifanye ni kwa ajili yao tu. Naipenda kazi hii. Ndege ya abiria inakwenda Tabora na kurudi, Mwanza na kurudi, ni kazi nzuri na ya heshima, nami nikiifikiria nachoka kabla sijaianza. Umeniandikia habari za babu aliyetua mzigo Bagamoyo mara nne. Nimeifikiria sana habari hiyo. Mara ya kwanza pengine alihitaji kitambaa na jembe. Nani alimlazimisha kwenda mara ya pili?

Jambo la mwisho, nisamehe kwa kulisema. Nimekuuliza habari za Silasi mara mbili ukaniandikia maneno mawili. Nilikuwa darasa la saba, natoka shule napitia karakanani, na baba yake Silasi alikuwa ameketi pale kwenye benchi, ametoka Igalula kwa treni na kilemba kimefungwa kwenye gazeti. Ulikiangalia ukasema bado, kijana hajajua kukunja kona. Mwaka uliofuata alikuja tena, ukasema bado. Mimi nilikuwa natumia sanduku ambalo Silasi alilitengeneza, na kona zake mpaka leo hazijafunguka, nimelala nalo Uchina miaka miwili. Mtu anayezuiwa nimemwona kwa macho yangu, Mjomba, najua anavyofanana. Mimi sifanani naye. Ndiyo maana nakuomba usinililie, na mama naye mwambie asinililie.

Mpwa wako,
Abbasi

*

Ng'ambo, Tabora
22 Septemba 1977

Kwa mpwa wangu mpendwa, Kapteni Abbasi,

Idi njema, ingawa imepita wiki nzima. Sisi tulifunga salama, mama yako hakula hata siku moja. Mwamvita alikula mbili, daktari alimruhusu. Mzee Lukumani amemuuza mbuzi, na aliyemnunua ni yule yule balozi. Mapacha wa Tatu wameota meno.

Barua yako ilikuja tarehe ishirini na nane Agosti. Mimi nilikuwa sokoni, karani wa posta alileta kwa baiskeli kama alivyoahidi, akampa mama yako. Mimi sikuwa na habari kwamba kisomo kimefika huko. Nilirudi nikamkuta ukumbini, ameivaa miwani ya marehemu baba yako, kidole kiko kwenye mstari, anasoma neno moja moja kwa sauti. Nikanyoosha mkono niipokee kama siku zote, akasema ngoja. Nikakaa. Ilimchukua mpaka magharibi, na mimi nimefunga, na sikuthubutu kuinuka. Alipofika pale unaposema wewe mwenyewe ndiye hutaki kutoka, alirudi akalisoma tena. Halafu akaendelea mpaka mwisho, mpaka lile la kumwambia asikulilie.

Akavua miwani akaniuliza, "Mabruki, mimi nimemlilia lini huyu mtoto?"

 Akasema mtoto amekwisha kusema la kwake, sasa na wewe sema lako.

Basi nasema. Mama yako hajapata kuniambia utoke jeshini, hata siku moja. Ndege ikipita hutoka uani kuitazama, hilo ni kweli, lakini hutoka akicheka na kuwaonyesha majirani. Chungu huacha kwa sababu ya fahari. Analala usingizi mzito kuliko mtu yeyote katika nyumba hii. Kila nilipokuandikia mama yako anataka, mama yako analia, ilikuwa ni mimi. Nilitumia jina lake kwa kuwa nilijua langu utalikataa kwa adabu, la kwake hutaweza.

Sababu ni ndogo na inanitia haya. Mkono wangu wa kulia unatetemeka tangu mwaka juzi. Yale masanduku thelathini na mawili niliyokutambia Januari, sikulehemu mimi. Mimi nilipima na kukata, kulehemu nilimpa mtu kwa siri. Sina mtoto, Abbasi, ni wewe niliyekulea. Nikawaza ukiwa katika ndege za abiria utakuwa unashuka hapa mara mbili kwa wiki, utapita karakanani, utakaa kwenye benchi, watu watakuona. Nilitaka hivyo tu. Nimekuwa mpweke na sikujua namna ya kukuandikia neno hilo.

Na Silasi. Uliyoandika ni kweli, ila umenipunguzia. Baba yake hakuja mara mbili, alikuja mara tatu, na mara ya tatu alikuwa anakohoa, na mwaka ule ule akafa. Kona za Silasi zilikuwa nzuri kuliko zangu tangu mwaka wake wa nne. Nilimshika miaka mitatu zaidi kwa sababu alikuwa ndiye mkono wangu, na nilijua akitoka wateja watamfuata. Mwisho alitoka bila kuaga, akafungua banda karibu na stesheni. Nikamwambia kila mtu kwamba ni mtovu wa adabu, ametoka bila kilemba. Miaka kumi na moja nimekuwa nikipita njia ya nyuma ili nisipite mbele ya banda lake. Nilipokuandikia ile sheria kwa hasira, eti fundi akiona kijana bado anarudisha, mkono ulisita kidogo kwenye karatasi, nami nikausukuma.

Jumapili baada ya Idi nilivaa kanzu nikaenda. Sikuenda na kitu, maana sikujua fundi anayemwendea mwanagenzi huchukua nini, jambo hilo halina desturi. Nilimkuta anafunga mlango aende kanisani na mkewe Paskazia. Mafundi wa jirani wakaacha kupiga nyundo wote. Nikamwambia pale pale mbele yao kwamba baba yake aliniletea kilemba mara tatu na mara tatu nilikirudisha kwa uongo, na kwamba leo nimekuja kumtoa.

 Silasi amenenepa, ana mvi hapa kwenye masikio. Akasema, "Fundi, kutoka nilikwisha kutoka. Mimi nilikuwa nangoja uniambie kwamba kazi yangu ni nzuri."

Nikamwambia. Ilinitoka vibaya, kwa sauti ya mtu anayekohoa, lakini nilimwambia, na watu walisikia. Hakunikumbatia wala hakulia, si mtu wa mambo hayo. Alimwambia mkewe atangulie, akanitolea kigoda, tukazungumza bei ya bati mpaka jua likapanda. Jumanne alikuja karakanani mwenyewe akatazama mkono wangu, akasema masanduku ya Januari tutayafanya pamoja, mimi nikate yeye alehemu. Sikumkatalia.

Sasa wewe. Ile miaka mitano umetia saini bila kuniuliza, na ulifanya vizuri kutoniuliza, maana ningekataa na ningesema ni mama yako. Shaban nimemwambia aache kukutafutia nafasi. Waliokuwa wananiuliza utafika lini nimewaambia haji, na nimewaambia kwamba yale ya kukabidhi vitu vya serikali niliyatunga. Mzee Lukumani anasema alijua tangu mwanzo, lakini yeye hujua kila kitu tangu mwanzo.

Mimi bado ningependa uje. Naliandika hilo kwa jina langu. Ukipata likizo njoo ukae hata siku tatu.

Na kwa kuwa yule mwingine nilimcheleweshea miaka kumi na minne, wewe nakuambia leo, nikiwa na akili zangu na mkono huu unaotetemeka: nimemsikia Meja Modest akikusifu mbele ya watu wangu, nimesoma ulivyomwandika kijana wa Igunga, na mimi ni fundi, najua mtu anayejua anachofanya akiwa anakieleza. Kazi yako ni nzuri, mwanangu. Kaa nayo.

Mjomba wako,
Mabruki